Damu ya Wazee Kumi na Wawili

Mwalimu Salomon Kabange hakukubali kuchomwa sindano bila koti. Jumatatu ile, alipoitwa kwenda kutoa damu katika Maabara Mwangaza, alivaa koti la kijivu, akafunga tai, akang'arisha viatu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akampita mkewe mlangoni akiwa amenyooka kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani.

"Wanataka mkono tu, mume wangu," Agar alimwambia. "Hilo koti utalivua pale pale."

"Nitalivua. Lakini watakuwa wamekwisha kuliona."

Alikuwa na miaka sabini na tisa. Kwa miaka arobaini na mmoja alifundisha shule ya msingi hapa Kamina, na sehemu kubwa ya watu wazima wa mji huu walijifunza kwake kuandika majina yao. Damu hakuwa akiitoa kwa sababu ya ugonjwa. Aliyeiomba ni mjukuu wake Lise, na Lise hakuwa na kawaida ya kuomba kitu.

Msichana huyo alisomea sayansi ya damu Lubumbashi, akapewa kazi huko huko, akaikataa. Alirudi Kamina na mashine ya kusoma rangi, friji moja ya kugandisha na kazi ambayo haikuwahi kufanywa katika jimbo zima la Haut-Lomami. Jioni ya kwanza alimweleza babu yake kazi hiyo mezani, kwa Kiswahili cha kitabu, maana mzee hakuitikia kingine nyumbani mwake.

"Ndani ya damu kuna chembe ndogo sana, Kambo, zinaitwa chembe sahani." Kambo ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyomwita babu. "Ukijikata, hizo ndizo zinazokimbilia jeraha na kuliziba. Kila moja imebeba protini tumboni. Ikiwa imetulia, protini inakaa ndani. Ikishtuka, inaimwaga katika maji ya damu. Mimi ninapima hiyo iliyomwagika."

"Unapimaje kitu usichokiona?"

"Kwa kingamwili. Kingamwili hushika protini moja tu, hata ukiichanganya na nyingine elfu. Nina kibao chenye vishimo tisini na sita, na chini ya kila kishimo nimebandika kingamwili. Ninamimina maji ya damu. Protini ninayoitafuta inanaswa, nyingine zote ninaziosha zinakwenda. Kisha ninaleta kingamwili ya pili, yenye kuzaa rangi, inaishika protini ile ile kwa juu. Palipo na nyingi, rangi ya njano inakolea. Palipo na kidogo, inabaki hafifu. Mashine inaisoma rangi na kunipa namba."

Mzee alitafakari. Hakuwa mtu wa kutikisa kichwa kwa jambo asilolielewa.

"Kumbe ni kuita majina darasani," alisema mwishoni. "Ukiita Kitenge, anasimama Kitenge peke yake, hata kama mko hamsini."

"Ndivyo, Kambo. Na ninahesabu wangapi wamesimama."

Nia ya kazi ilikuwa kupata namba za kawaida za watu wazima na wenye afya wa jimbo hili. Madaktari walikuwa wakitumia namba za Ulaya, na mgonjwa wa malaria au mzazi aliyetoka kujifungua akipimwa, hakuna aliyejua kwa hakika kama chembe zake zimeshtuka kupita kiasi au ndivyo watu wa kwetu walivyo. Lise alipima watu mia moja na ishirini, vijana sitini na wazee sitini, wote wazima.

Vijana walitoka sawasawa: saba, nane, sita, tisa. Wazee walitoka arobaini, sitini, thelathini na tano, sabini. Wazee wanaolima! Wazee wanaoimba kwaya na kupanda baiskeli hadi mashambani na kurudi!

Profesa Kalunga, msimamizi wa kazi yote, alipiga simu kutoka Lubumbashi. Hakupandisha sauti. "Ama wazee wote wa Kamina wana ugonjwa wasioujua," alisema, "ama pana mtu hapo asiyejua kazi yake. Ninakuja Alhamisi, baada ya wiki mbili. Kama sababu haijapatikana, mashine inarudi nami."

Lise alibadilisha kingamwili, akafungua vibao vipya, akapima joto la friji asubuhi na jioni, akahakikisha kila kichupa kinasafiri kwenye barafu na kuzungushwa kwa mashine kwenye baridi, ili maji ya damu yajitenge, kabla ya nusu saa. Kila kitu kilikuwa sawa, na namba za wazee zikabaki pale pale. Ndipo alipotaka damu ya mzee mmoja ambaye afya yake aliijua kama anavyojua jina lake.

Muuguzi aliyempokea Mwalimu Salomon aliitwa Germaine, mama wa makamo mwenye mikono myepesi, ambaye miaka thelathini na mitano iliyopita alikaa dawati la pili katika darasa lake la tano. Alimketisha, akamkunjia mkono wa shati, akafunga juu ya kiwiko ule mpira ambao wauguzi huuita garo, ili mshipa ujae na kujitokeza.

"Germaine," mzee alisema.

Mwanamke akainama, magoti yakakaribia sakafu, akapiga makofi ya polepole yasiyo na kelele, kama Waluba wanavyofanya mbele ya mkubwa. "Eyo, vidye," akaitikia, yaani ndiyo, mheshimiwa.

"Baba yako yuko?"

"Iko, Mwalimu. Miguu njo inamusumbua."

"Anatembea?"

"Na fimbo."

"Na mdogo wako, yule aliyehamia Luena?"

"Banamupa kazi kwa gare, ya kufungulia treni njia."

"Anaifanya kwa uaminifu?"

"Mwalimu, minyi siko naye kule!"

"Swali ni la ndiyo au hapana."

"Ndiyo, Mwalimu."

Wakapita kwa wajomba. Wakapita kwa shamba la mihogo na mvua iliyochelewa. Wakamfikia shangazi aliyefariki Bukama mwezi uliotangulia, na huyo ilibidi apewe pole yake kamili, pamoja na kuulizwa nani alimzika na wimbo gani uliimbwa. Vidole vya mzee vilianza kuwasha, lakini hakuvijali. Mtu hakatizi pole ya marehemu kwa ajili ya vidole. Salamu zilipokwisha, na kwisha vizuri, Germaine alichukua sindano, na damu ikatoka.

Kesho yake saa sita mchana Lise aliingia nyumbani, akakaa bila kuvua mkoba.

"Sema namba," babu yake alimwambia.

"Hamsini na nane."

Agar akaweka mwiko chini. Mzee hakusogea.

"Basi mimi ni mgonjwa?"

"Sijui, Kambo."

Jibu hilo lilimuuma, na papo hapo likampendeza, kwani mtoto aliyelelewa vizuri husema sijui pale asipojua. Siku hiyo hiyo daktari alimsikiliza kifua, akambonyeza tumbo, akamtazama macho na kucha, asione kitu. Hata hivyo Agar alilificha jembe la mumewe nyuma ya magunia ya mahindi. Mzee aliona lilipofichwa na hakusema neno, jambo lililomtia Agar hofu zaidi kuliko ile namba.

Jumatano asubuhi Mwalimu Salomon alikuwa ananyoa ndevu uani wakati pikipiki iliposimama kwenye ua. Lise akaingia na kasha la barafu, akitaka damu nyingine ya kupima upya. Barafu yenyewe ilikuwa kidogo na inayeyuka, kwa hiyo hakusalimu.

"Mkono, Kambo."

Kabla mzee hajapata neno la kufaa, garo ilikuwa imefungwa, sindano imeingia, na damu ilipoonekana tu, Lise akaifungua. Vichupa vitatu, pamba, na huyo amekwenda. Mwalimu alibaki amesimama na sabuni shavu moja.

"Agar! Mtoto wako amenichoma kama mbuzi wa chanjo!"

"Leo ni mtoto wangu? Akisifiwa kanisani huwa mjukuu wako." Agar alitoka jikoni akijizuia kucheka. "Amekusalimia?"

"Hata 'umeamkaje' hakuna!"

Mchana kutwa alitunga karipio. Lilikuwa na utangulizi, hoja tatu na hitimisho, naye alilipitia mara mbili akitembea uani. Saa kumi Lise akaja mbio.

"Saba! Kambo, saba!"

Karipio likamtoka kichwani lote. Agar akapiga kigelegele, akaenda moja kwa moja nyuma ya magunia kulitoa jembe. Lakini msichana mwenyewe hakushangilia muda mrefu.

"Mtu mmoja, mkono mmoja, kibao kimoja, siku moja tu katikati," alisema akitembea huku na huku. "Kingamwili hazijui kwamba Jumatatu ulivaa koti. Kuna kitu tunakifanya kabla damu haijanifikia. Kambo, kesho rudi kwa Germaine, ufanye kila kitu kama Jumatatu. Kila kitu. Usipunguze hata neno."

Alhamisi Lise alikaa kwenye kona ya chumba cha kutolea damu, saa mkononi, daftari pajani. Germaine alifunga garo. Mzee akaita jina lake, makofi yakapigwa, salamu zikaanza. Shangazi wa Bukama alikuwa amekwisha kuliliwa, lakini ukoo wa Germaine ni mkubwa, na mdogo wa Luena naye alikuwa na watoto wanne, kila mmoja na darasa lake. Sindano ilipoingia, Lise alitazama saa, akaandika, akatazama tena kama asiyeamini.

"Dakika sita na nusu," alisema.

"Za nini?"

"Za garo, Kambo. Mkono wako umefungwa dakika sita na nusu." Alisimama. "Damu imezuiwa hapo ndani, inasongamana. Chembe sahani zinabanwa, zinadhani mkono umejeruhiwa, zinaanza kumwaga protini yote. Hakuna ugonjwa. Tunazishtua sisi wenyewe, kisha tunapima mshtuko wetu!"

Germaine alishika kiuno. "Lakini mishipa ya bazee iko mivivu! Minafunga kwanza, tunasalimiana, mushipa unajaa. Njo vile tunafanyaka siku zote."

"Na vijana?"

"Kijana gani? Anaingia na simu kwa sikio, hata jambo hasemi. Minafunga, minachoma, anaenda."

Lise akacheka hadi akashika ukuta. Vijana sitini wa Kamina walikuwa wametoa damu safi kwa kukosa adabu.

Mwalimu Salomon hakucheka. "Germaine," alisema taratibu, "kwa nini hukuniambia nikuache ufanye kazi?"

Mwanamke alitazama chini. "Nani anaweza kukukata maneno, Mwalimu? Darasa la tano nilimukata mukubwa maneno mara moja. Ulinisimamisha nyuma ya darasa mpaka kengele ya mwisho. Sikurudiaka tena."

Mzee aliikumbuka siku hiyo. Aliikumbuka kwa fahari, mpaka dakika ile.

Sababu ilikuwa imepatikana, lakini mtu kama Profesa Kalunga hangeikubali kwa mkono wa mzee mmoja, tena babu wa mhusika. Lise alihitaji wazee wengine, watoe damu mikono yote miwili: mmoja baada ya salamu, mwingine ukiwa umefungwa wakati wa salamu, kama zamani. Nao wazee hawakutaka. Habari kwamba damu yao ina kasoro ilikuwa imewafikia. Baadhi waliogopa, wengi walikasirika.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Mwalimu Salomon aliwazuia wazee wenzake kwenye ua wa kanisa lao la Methodisti, pamoja na majirani zake Wakatoliki watatu aliowaomba waje baada ya misa. Akawaeleza habari ya garo. Hakuwa amemaliza, Zébédée akadakia. Huyu Zébédée aliuza tiketi za treni kwenye gare, yaani stesheni, ya Kamina kwa miaka thelathini, na dirishani pake abiria walichelewa treni kwa kusikiliza hadithi zake.

"Ngoja, Mwalimu, nisikie muzuri! Miaka yote ulituambia mutoto asiye na salamu atapotea. Leo njo damu yake inapita mutihani, na yetu inaanguka?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja wa Kikatoliki akauliza kama sasa wawafundishe wajukuu kutukana, ili damu yao izidi kuwa safi.

Mwalimu alingoja watulie. Alikuwa amewahi kungoja madarasa makubwa kuliko lile.

"Ndugu zangu, salamu haina kosa. Mwenye kosa ni mimi. Nilimwona muuguzi Germaine amenifunga mkono, nikahisi vidole vinawasha, na bado nikamhoji ukoo mzima, kwa sababu nilijua hatathubutu kunikatiza. Mimi ndiye niliyemfundisha asithubutu. Salamu ilistahili kutangulia, ikamilike, ndipo kazi ianze. Sisi tuliiingiza katikati ya kazi ya sindano. Sasa Alhamisi wanakuja kuichukua mashine, na watu watasema kazi kama hii haiwezekani Kamina. Mjukuu wangu hajakosea. Ninawaomba mikono yenu. Sijawahi kuwaomba kitu."

Kweli hakuwahi. Walitazamana. Mmoja akasema atakuja, kisha wa pili, kisha wa sita na wa saba kwa pamoja.

"Minyi pia nitakuja," Zébédée alisema, "lakini kwa kukuonyesha kama maneno ya kinywa haiwezi kuharibisha damu ya mukono!"

Pamoja na Salomon mwenyewe, walitimia kumi na wawili.

Profesa Kalunga alifika Alhamisi na masanduku mawili matupu ya mbao, akayaweka kwenye baraza ya maabara mahali ambapo kila mtu angeyaona. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, miwani ikining'inia kwa uzi shingoni. Alimsikiliza Lise hadi mwisho bila kuandika.

"Ni maelezo mazuri," alisema. "Maelezo mazuri nimeyasikia mengi. Nitakupa mtihani. Wewe utakaa nje. Vichupa nitavipa namba mimi, moja hadi ishirini na nne, nimevichanganya. Orodha itakuwa mfukoni mwangu. Utapima, kisha utaniambia kila kichupa kimetoka mkono gani: uliofunguliwa mapema, au uliofungwa wakati wa salamu."

"Nikikosea?"

"Masanduku yapo."

Lise alikubali kwa kichwa, akaenda kukaa nje, mgongo umenyooka. Babu yake aliuona mgongo huo akaujua ulikotoka.

Wazee waliingia mmoja mmoja. Kila mmoja alisalimiwa kwanza, salamu kamili, mikono ikiwa huru, ndipo mkono wa kuume ukafungwa, ukachomwa na kufunguliwa kabla ya dakika kwisha. Kisha Germaine akafunga wa kushoto na kuanza salamu upya, kwa utaratibu wa zamani. Waliokuwa wakingoja walipitisha muda kwa kumchokoza Zébédée. Walimwambia ulimi wake ni hatari kwa watu, ufungwe garo wenyewe. Walimwambia sasa inajulikana kwa nini treni za Kamina zilikuwa zikiugua. Ajabu, hakuwajibu. Aliingia akiwa amenuna, akatoka akiwa amenuna, akaenda kukaa peke yake mwisho wa benchi.

Vichupa vilikwenda kwenye barafu, vikazungushwa, na Lise akaitwa. Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya saa nne. Agar alileta ugali wa bukari, sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu wa Bukama, watu wakala, lakini Mwalimu Salomon alisimama dirishani. Kwa mara ya kwanza alimwona mjukuu wake kazini. Alimwona anavyovuta maji ya damu kwa pipeti, tone lile lile, kipimo kile kile, kishimo baada ya kishimo, bila haraka na bila kusita. Alivyoosha kibao mara tatu, mara tatu kwelikweli, ingawa hakuna aliyehesabu isipokuwa babu yake. Kisha akamimina maji ya mwisho, na rangi ikaanza kuja. Baadhi ya vishimo vilibaki vyeupe vyenye kivuli cha njano tu. Vingine vilikolea taratibu hadi vikawa kama mawese ya moto. Mzee alitambua kwamba haelewi yote anayoyaona, na kwamba hilo halimsumbui hata kidogo.

Lise alitoka na karatasi. Profesa akavaa miwani, akatoa orodha mfukoni.

"Moja?"

"Ulifunguliwa mapema."

"Mbili?"

"Ulifungwa wakati wa salamu."

"Tatu?"

Profesa hakuwa akisema ndiyo wala hapana. Aliweka alama tu. Wazee walisogea na benchi zao. Kumi, kumi na tatu, kumi na sita. Kwenye kumi na saba Lise alisema, "Ulifunguliwa mapema," na kalamu ya Profesa ikasimama. Kisha ikaendelea, hadi ishirini na nne.

"Ishirini na tatu umepata," alisema Profesa Kalunga. "Moja umekosa. Kichupa cha kumi na saba, orodha inasema mkono ulifungwa wakati wa salamu." Akamtazama juu ya miwani. "Tazama tena. Ninakuruhusu kubadilisha."

Mwalimu Salomon aliyatazama masanduku bila kutaka. Neno moja tu, msichana abadilishe neno moja, na mtihani utakuwa umepita wote.

Lise alitazama karatasi, kisha akarudi kukitazama kishimo chenyewe.

"Namba yake ni nane, Profesa. Siwezi kusema rangi ambayo siioni. Mkono huo haukufungwa muda mrefu."

"Orodha niliiandika mimi."

"Ndiyo, Profesa. Na damu niliipima mimi."

Babu yake aliacha kuyatazama masanduku, akamtazama yeye.

"Kumi na saba ni ya nani?" Agar aliuliza kwa sauti, bila kuombwa.

Profesa akageuza karatasi. "Mzee Zébédée. Mkono wa kushoto."

Germaine akapiga kelele, mikono kichwani. "Lakini huyu hakupokeaka salamu yangu! Nilimuuliza habari ya bibi, anasema 'iko'. Nilimuuliza habari ya batoto, anasema 'biko'. Basi! Ningesalimia nani? Nilichoma, nikafungua. Hata nusu dakika haikufika!"

Watu wote wakamgeukia Zébédée mwisho wa benchi.

"Tangu asubuhi munasema ulimi wangu iko sumu!" mzee alifoka. "Nilisema leo sitawapa hata neno moja. Sasa munaniangalia nini? Nilinyamaza!"

"Yaani kwa maisha yako yote," mzee mmoja alisema kwa shida, machozi ya kicheko yakimtiririka, "siku uliyochagua kunyamaza ni leo?"

Kicheko kilizunguka baraza, kikarudi, kikazunguka tena. Zébédée alijitahidi kuendelea kununa, akashindwa, mabega yakaanza kumcheza. Alikuja kupinga, na kwa kununa kwake alikuwa ametoa ushahidi wenye nguvu kuliko wote: mkono ule ule wa kushoto, muuguzi yule yule, garo ile ile, pasipo salamu ndefu, protini haikumwagika.

Profesa Kalunga hakucheka, ila uso wake ulilegea. Akaiweka orodha juu ya goti, akafuta mstari mmoja kwa unadhifu, akaandika upya, akatia sahihi pembeni.

"Orodha yangu ndiyo iliyokosea," alisema. "Ishirini na nne kwa ishirini na nne. Mademoiselle Lise, uliwekewa mlango wa kutokea ukakataa kupita. Wazee wote sitini watatolewa damu upya kwa utaratibu wako. Utauandika, nami nitaupeleka kwenye vituo vingine vyote vitano vya afya vya jimbo, na damu yao italetwa kupimwa hapa." Akawageukia vijana aliokuja nao. "Masanduku hayo yarudisheni garini. Matupu."

Agar alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele, Germaine akampokea, na wazee kumi na wawili, pamba bado zimebanwa viwikoni, wakasimama na kuanza wimbo wa shukrani, Wamethodisti kwa maneno yao na Wakatoliki kwa yao, na hakuna aliyejali kwamba hayakuingiana. Lise alisimama katikati akiwa bado na karatasi mkononi. Babu yake akamkaribia. Alikuwa na maneno mengi, yenye utangulizi na hoja, lakini alilopata kusema lilikuwa moja.

"Umeosha mara tatu," alisema. "Nilihesabu."

"Ndivyo inavyotakiwa, Kambo," Lise alijibu.

Wiki tatu baadaye namba za wazee wote sitini zilikuwa zimelala sambamba na za vijana, na Haut-Lomami ikapata namba zake yenyewe kwa mara ya kwanza. Lakini Mwalimu Salomon hakungoja wiki tatu. Alhamisi ile ile alikataa kupanda pikipiki, akarudi nyumbani kwa miguu kupitia sokoni, akimsimamisha kila mtu aliyewahi kumfundisha, na wengine ambao hakuwafundisha. Mbele ya meza ya mama mmoja muuza samaki alisimulia yote kwa ukamilifu, kingamwili, kibao, rangi ya njano, vichupa ishirini na vinne, na jinsi mjukuu wake alivyopata ishirini na tatu. Mama akashangaa inavyostahili. Mzee akaaga, akaenda hatua hamsini, akasimama ghafla. Kisha akageuka, akarudi akipasua umati, hadi pale mezani.

"Mama, nisamehe, nimekuambia vibaya," alisema. "Ni ishirini na nne."